Kabla ya Kisu: Protini za Damu na Miaka ya Mgonjwa



Nimeombwa nizungumzie protini zinazopimwa kwenye damu ili kukisia mgonjwa wa saratani iliyosambaa ataishi muda gani baada ya kupasuliwa. Saratani ni nyingi na protini ni nyingi zaidi, kwa hiyo nitashika moja, ya utumbo mpana, na nyingine nitazigusa tu njiani. Katika saratani hii madaktari wamezoea sana kufuata uvimbe hata ukishahamia kwenye ini au mapafu, na ndiyo iliyotupatia protini ambayo imesifiwa na kulaumiwa kwa zaidi ya nusu karne.

Chukueni mgonjwa wa kawaida. Aliondolewa uvimbe wa utumbo, akapona kidonda, akarudi kazini. Baada ya mwaka mmoja na nusu picha ya CT inaonyesha madoa mawili kwenye ini. Daktari anamwambia yanaweza kukatwa. Naye anauliza: "Nikipasuliwa, nitaishi?"

Ndani ya swali hilo fupi mna maswali mawili. La kwanza: watu wenye hali kama yangu huishi muda gani? La pili: je, kisu kitaniongezea siku ambazo nisingezipata bila kisu? Protini za damu hujibu la kwanza, kwa kiasi. La pili hazilijibu. Hata hivyo kwa miaka mingi jibu la kwanza limekuwa likichukuliwa na kukabidhiwa mgonjwa kana kwamba ni la pili, na watu wamefunguliwa matumbo kwa sababu hiyo. Ndilo jambo nililokuja kulisema leo. Yanayofuata ni ushahidi wake.

Tuanzie Montreal, Kanada, mwaka 1965. Phil Gold, daktari kijana aliyekuwa akifanya utafiti wake wa uzamivu, na msimamizi wake Samuel Freedman wa Chuo Kikuu cha McGill, walitaka kujua kama seli ya saratani inabeba kitu ambacho seli ya kawaida haina. Wengi walikuwa wamejaribu kabla yao wakakwama kwenye ulinganisho. Ukichukua uvimbe wa mtu mmoja na nyama yenye afya ya mtu mwingine, tofauti utakazoziona huenda ni za watu hao wawili, ugonjwa haumo. Gold na Freedman waliona kwamba saratani ya utumbo mpana hutambaa kidogo tu kufuata urefu wa utumbo, hivyo kipande kinachokatwa na daktari huwa na uvimbe katikati na nyama safi kwenye ncha zake. Mgonjwa yuleyule anatoa kipande kinachougua na kipande kizima.

Wakawadunga sungura nyama ya uvimbe, kisha wakaondoa kwenye damu ya sungura hao kingamwili zote zilizotambua utumbo wa kawaida. Zikabaki kingamwili zilizoshika kitu kimoja kilichokuwa kwenye uvimbe. Kitu hichohicho wakakikuta kwenye utumbo wa vijusi vya miezi sita ya mwanzo ya mimba. Kwa hiyo wakakipa jina linalounganisha saratani na kijusi, ambalo mahospitalini hufupishwa kwa herufi tatu, CEA. Nami nitatumia herufi hizo.

Miaka minne baadaye kundi la Montreal likaeleza namna ya kuipima CEA kwenye damu, na karibu wagonjwa wote wa saratani ya utumbo waliowapima walikuwa nayo. Ilionekana kama tone la damu litatosha kugundua saratani kabla mtu hajasikia maumivu. Matumaini hayo hayakudumu. Maabara nyingine zilipopima watu wa kila namna, CEA ilipanda kwa wavuta sigara, kwa wenye ini lililokomaa kovu, na kwa wenye uvimbe wa kawaida wa utumbo usio saratani. Baya zaidi, wengi wenye saratani changa, ambayo ndiyo ingefaa kugunduliwa, walikuwa na kiwango cha kawaida kabisa. Leo hakuna sababu ya kumpima CEA mtu asiye na dalili yoyote, na nikiona kipimo hicho kimewekwa kwenye vifurushi vya "uchunguzi wa afya kamili" vinavyouzwa mijini, najua kuna atakayelala na hofu bure.

Inafaa kujua protini hii inafikaje kwenye damu, maana hapo ndipo nguvu na udhaifu wake vinapoeleweka. CEA ni protini iliyofunikwa na sukari. Sukari hiyo ni kama nusu ya uzito wake. Hukaa juu ya ngozi ya seli za utumbo. Katika utumbo wenye afya seli zimepangwa safu, kila moja inajua upande unaotazama uwazi wa utumbo, na CEA inayobanduka hutoka na choo. Saratani huvunja mpangilio huo. Seli zikipoteza mwelekeo, CEA humwagika pande zote, ikiwemo kwenye mishipa ya damu. Kazi ya kuisafisha damu na protini hii hufanywa na ini. Kwa hiyo kipimo kinachoandikwa kwenye karatasi ya maabara ni matokeo ya mambo matatu kwa pamoja: uvimbe una seli kiasi gani, seli hizo zinamwaga CEA kiasi gani, na ini linasafisha kwa kasi gani. Upo uvimbe mkubwa usiomwaga kitu. Mwenye uvimbe wa namna hiyo atapata karatasi nzuri na ugonjwa mbaya.

Kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni chini ya nanogramu 5 kwa mililita ya damu, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Uvimbe ukiondolewa wote, CEA hushuka na kurudi kwenye kawaida ndani ya majuma machache. Isiposhuka, kuna kilichoachwa ndani. Kwa kazi hii ya kufuatilia, mimi sina ugomvi nayo hata kidogo.

Sasa tuje kwenye ini. Karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, ndiyo maana seli za saratani ya utumbo zikisafiri huangukia hapo mara nyingi. Na ini lina sifa isiyo ya viungo vingine vya ndani: ukilikata sehemu kubwa, lililobaki hukua tena kwa majuma na miezi michache mpaka kazi yake itoshe. Sifa hiyo ndiyo iliyowapa madaktari wa upasuaji ujasiri wa kuwafuata wagonjwa ambao zamani wangepelekwa nyumbani.

Mwaka 1999 Yuman Fong na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering, New York, walichapisha hesabu ya wagonjwa 1,001 waliokatwa ini kati ya mwaka 1985 na 1998 kwa sababu ya saratani ya utumbo iliyosambaa. Kati ya kila 100, 37 walikuwa hai baada ya miaka 5, na 22 baada ya miaka 10. Kwa ugonjwa uliokuwa ukihesabiwa kuwa hukumu, takwimu hizo zilikuwa habari kubwa. Kisha Fong akatengeneza alama, moja kwa kila jambo kati ya haya matano: saratani ya mwanzo ilikuwa imefika kwenye tezi za limfu, ugonjwa ulirudi kabla ya miezi 12, madoa ya ini yalizidi moja, kubwa kuliko yote lilizidi sentimita 5, na CEA ilizidi nanogramu 200, yaani mara 40 ya mpaka wa kawaida. Angalieni kwamba protini ni jambo moja tu kati ya matano, na hupewa alama pale tu inapopanda sana. Manne yaliyobaki yanasomwa kwenye faili na kwenye picha.

Wasio na alama hata moja walikuwa na makadirio ya kuishi miaka 5 ya asilimia 60. Wenye alama zote tano, asilimia 14. Tofauti hiyo ni kubwa na ya kweli, na alama za Fong zingali zinatajwa kwenye vikao vya madaktari duniani kote. Lakini wachache husoma katikati ya jedwali. Wenye alama tatu walikuwa na asilimia 20. Wenye alama nne, asilimia 25. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka, ulikuwa miezi 20 kwa wenye alama nne na miezi 22 kwa wenye alama tano. Aliye na hali mbaya zaidi ameishi zaidi kidogo? Hapana, ni kwamba makundi ya mwisho yalikuwa na watu wachache, na watu wakiwa wachache hesabu huyumba. Tukumbuke hilo tunapomwonyesha mgonjwa kidole kwenye mstari mmoja wa jedwali na kumwambia, "Wewe uko hapa."

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Wagonjwa wote 1,001 walipasuliwa. Hakuna aliyeachwa bila kupasuliwa ili tulinganishe. Jedwali linatuambia nani kati ya waliopasuliwa aliishi zaidi. Haliwezi kutuambia nani kati yao angeishi vilevile bila kisu. Fong hakudai hivyo. Waliodai ni wasomaji.

Swali la pili, lile la faida, lilikuwa limeshaulizwa kwa ujasiri mkubwa kabla ya Fong, ila jibu lake lilifichika. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Ohio, Marekani, walianza kumrudisha mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji mara tu CEA yake inapopanda, hata kama hana dalili, ili wakatafute ugonjwa tumboni ukiwa bado mdogo. Wazo linavutia. Protini inapanda miezi kadhaa kabla ya dalili; kwa nini tusubiri?

Waingereza wakaamua kulijaribu wazo hilo sawasawa. Kuanzia mwaka 1982 waliandikisha wagonjwa 1,447 waliokwisha kuondolewa saratani ya utumbo. Kila mmoja alichukuliwa damu mara kwa mara, majibu ya CEA yakaenda kwenye ofisi ya utafiti, daktari wake asijue. CEA ya mgonjwa ikipanda, alipangwa kwa bahati nasibu. Kwa nusu ya wagonjwa, daktari aliarifiwa ili ampasue tena. Kwa nusu nyingine daktari hakuambiwa lolote, akaendelea kumhudumia mgonjwa kama kawaida mpaka dalili zijitokeze zenyewe. Waliofikia hatua hiyo ya kupangwa walikuwa 216, yaani 108 kila upande. Ilipofika Februari 1993, waliofariki upande wa kisu cha mapema walikuwa 91. Upande ambao madaktari hawakujua kitu, 88.

Najua kuna wanaoguna hapa, kwamba ni ukatili kuwa na jibu la maabara na kulinyamazia. Nami ningeguna, kama nisingeziona hizo tarakimu mbili. Waliofichwa majibu hawakupoteza maisha kwa kufichwa. Walichokosa ni upasuaji mmoja mkubwa wa tumbo, pamoja na miezi ya kuishi wakijua kwamba karatasi imeharibika.

Jaribio lilisimamishwa mwaka 1993, na matokeo yake kamili hayakuchapishwa. Wazo lenyewe likaendelea kutembea duniani miaka 20, na wagonjwa wakaendelea kupimwa na kufunguliwa, wakati jibu limo kwenye makabati. Mwaka 2013 watafiti kadhaa walitoa wito kwamba majaribio yaliyotelekezwa yachapishwe hata na watu wengine, na Tom Treasure, daktari wa upasuaji wa kifua wa London, pamoja na wenzake, wakalitoa jaribio la CEA kwenye jarida la BMJ Open mwaka 2014. Katika yote niliyoyasoma juu ya viashiria vya saratani, hakuna lililonikasirisha kama pengo hili la miaka 20.

Lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili. Katika miaka ya 1980 picha za CT zilikuwa hafifu, dawa za saratani zilikuwa chache, na daktari aliingia tumboni akipapasa. Leo mgonjwa hapasuliwi kwa sababu ya protini peke yake. Protini ikipanda anapelekwa kwenye picha kwanza. Je, hilo limebadili mambo? Jaribio jingine la Uingereza, lililochapishwa mwaka huohuo wa 2014 likiwa na wagonjwa 1,202, liliwafuatilia watu kwa CEA, kwa CT, kwa vyote viwili, au kwa uangalizi mdogo tu. Waliopata upasuaji wa kutafuta kupona walikuwa asilimia 2.3 kwenye uangalizi mdogo na asilimia 6.7 kwenye kundi la CEA. Kwa hiyo kipimo kilifanya kazi yake: kiliwapata wengi zaidi waliofaa kupasuliwa. Lakini vifo kwa jumla havikuonyesha kupungua.

Hapa wanafunzi huniuliza: mbona basi takwimu za waliopasuliwa ni nzuri kuliko za wasiopasuliwa katika kila hospitali? Kocha anayewasajili watoto wenye mbio kuliko wote mtaani, kisha akajisifu kwamba mazoezi yake ndiyo yaliyowapa mbio, mtamwamini? Anayechaguliwa kupasuliwa ini au pafu ni yule mwenye madoa machache, ugonjwa unaokwenda polepole, CEA ya chini, na mwili wenye nguvu ya kustahimili dawa ya usingizi. Mambo hayo yanamtabiria miaka mingi hata kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Kadiri viashiria vyetu vinavyokuwa bora katika kuchagua, ndivyo upasuaji unavyozidi kupendeza kwenye takwimu, bila upasuaji wenyewe kubadilika.

Mapafu yalitoa mfano. Kwa miaka mingi makala za madaktari wa kifua zilichukulia kwamba mwenye saratani ya utumbo iliyofika mapafuni, asipopasuliwa, nafasi yake ya kuishi miaka 5 inakaribia sifuri. Jaribio lililoitwa PulMiCC, ambalo Treasure yuleyule alishiriki kuliongoza, lilijaribu kuwapanga wagonjwa wa aina hiyo kwa bahati nasibu. Kuwapata ilikuwa shida, kwa sababu madaktari na wagonjwa walikwisha kuamua mioyoni mwao. Likafungwa likiwa na watu 93 tu. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha makadirio ya kuishi miaka 5 ya asilimia 36.4 kwa waliopasuliwa na asilimia 29.6 kwa wasiopasuliwa. Muda wa kati wa kuishi ulikuwa miaka 3.5 kwa waliopasuliwa na 3.8 kwa wasiopasuliwa. Watu 93 ni wachache mno kuthibitisha kwamba kisu hakina faida, na madaktari wanaoamini upasuaji husema hivyo kwa haki. Ila ile "karibu na sifuri" imeanguka. Watu wale walikuwa na matumaini yao tayari, kwa sababu walikuwa wamechaguliwa vizuri.

Mpaka hapa nimezungumzia protini inayotoka kwenye uvimbe. Lipo kundi la pili ambalo halina sifa za kuvutia na halitengenezwi na saratani kabisa. Linatengenezwa na ini la mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller, New York, William Tillett na Thomas Francis waliona kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia ina kitu kinachoganda kikikutana na sehemu ya ukuta wa bakteria waliyoiita C. Mgonjwa akipona, kitu hicho hutoweka. Ndiyo protini tunayoiita CRP. Sasa tunajua kwamba tishu zikiumia au zikishambuliwa hutuma ujumbe kwenye ini, nalo hutengeneza CRP kwa wingi, wakati mwingine mara elfu ya kawaida. Chanzo kikizimika, nusu ya CRP iliyomo kwenye damu huondoka kwa saa 19 hivi.

Upande mwingine wa mizani kuna albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu. Ini hutengeneza gramu 10 hadi 15 za albumini kwa siku, na nusu ya albumini hudumu kama siku 20. Mashuleni tulifundishwa kwamba albumini ya chini maana yake ni njaa, mgonjwa apewe mayai na maziwa. Njaa ina sehemu yake, lakini kwa mgonjwa wa saratani sehemu kubwa zaidi ni ule ujumbe wa kushambuliwa: ini likianza kutengeneza CRP na ndugu zake hupunguza albumini, na mishipa midogo nayo huivujisha nje. Ndiyo sababu familia hununua maziwa ya unga ya bei kubwa, mgonjwa anakunywa, na albumini haipandi.

Huko Glasgow, Uskoti, Donald McMillan na wenzake waliziweka protini hizi mbili pamoja, na mwaka 2003 wakatoa alama rahisi kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu isiyopasulika. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, alama moja. Albumini ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita, alama nyingine. Basi. Wenye sifuri waliishi zaidi ya wenye moja, na wenye moja zaidi ya wenye mbili. Tangu hapo alama hiyo imejaribiwa kwenye saratani za aina nyingi, wakiwemo waliokatwa ini, na imekuwa ikitoa mwelekeo uleule. Hueleza namna mwili unavyoubeba ugonjwa, jambo ambalo CEA haiwezi kulieleza.

Mahali ninapoona protini hizi zikileta manufaa ya wazi ni kwenye mfupa. Saratani ya titi au ya tezi dume ikila mfupa wa paja mpaka ukavunjika, hakuna anayeuliza kama mgonjwa atapona saratani kwa upasuaji huo. Anapasuliwa ili maumivu yaishe na aweze kukaa, kugeuzwa, pengine kutembea. Swali ni ukubwa wa kazi. Unaweza kupitisha chuma ndani ya mfupa, kazi fupi, mgonjwa akatoka kitandani mapema. Au unaweza kuondoa sehemu iliyoharibika na kuweka kiungo cha bandia, kazi ndefu yenye damu nyingi, inayodai miezi ya kujifunza kutembea lakini inayodumu miaka. Hapa swali la kwanza, "huyu ataishi muda gani?", ndilo hasa linaloamua. Vikokotoo vilivyotengenezwa Boston, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii vina albumini miongoni mwa vigezo vyake, na sishangai. Mwenye albumini ya 24 na CRP ya 90, simwekei kiungo cha bandia kwa sababu tu ninajua kukiweka.

Hizi ni protini ambazo mashine za kawaida za maabara zinaweza kuzipima, hata nje ya miji mikubwa ya Tanzania na Kenya, kwa gharama ndogo ukilinganisha na CT. Lakini mipaka ya 10 na 35 ilipatikana Glasgow, na hatuwezi kuihamisha kama ilivyo. Malaria hupandisha CRP. Kifua kikuu hupandisha CRP na kushusha albumini, tena kwa miezi. Kichocho kilichokwisha kuharibu ini, UKIMWI usiotibiwa, na figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, vyote hushusha albumini bila saratani kuhusika. Mgonjwa anayetoka kanda ya ziwa akiwa na alama mbili za Glasgow huenda ana malaria inayotibika kwa siku tatu. Atibiwe kwanza, apimwe tena, ndipo tumzungumzie. Tena kuna wanaotumia uwiano wa chembe nyeupe aina ya neutrofili na limfosaiti kama kiashiria. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana protini ya Duffy kwenye chembe zao nyekundu, urithi unaowakinga na malaria ya vivax, na kwa sababu hiyohiyo neutrofili zao za kawaida huwa chache kuliko za Wazungu. Mpaka uliochorwa Ulaya utampa mtu huyo alama nzuri asiyostahili.

Nitapita haraka kwenye protini zinazopimwa kwa mkupuo, kwa kuwa najua vijana wa bioinformatiki wanasubiri. Mashine za leo hupima maelfu ya protini kwenye tone moja. Ukipima 1,000 zisizo na uhusiano wowote na kuishi, na ukakubali kosa moja kati ya 20, zipatazo 50 zitaonekana kuwa na uhusiano. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha mchoro wa protini za damu uliosemekana kuwatambua wagonjwa 50 wa saratani ya ovari bila kumkosa hata mmoja. Keith Baggerly na Kevin Coombes, wanatakwimu wa Houston, wakaichunguza data, wakaonyesha kwamba tofauti zile huenda zilitokana na namna sampuli zilivyotayarishwa na kupitishwa kwenye mashine. Kinachohitajika kabla ya kuamini orodha mpya ya protini ni wagonjwa wapya, wa hospitali nyingine, waliopimwa na watu wasio na hamu ya kuona inafaulu. Makala zenye sehemu hiyo ni chache kuliko zisizo nayo.

Sasa mambo ya kazi, kwa wale wanaorudi wodini kesho. CEA ichukuliwe kabla ya upasuaji, si baada tu. Bila namba ya mwanzo, namba ya mwisho haina cha kulinganishwa nacho. Muulizeni mgonjwa kama anavuta sigara kabla ya kumtisha kwa CEA ya 7. Msipime CRP siku ya pili au ya tatu baada ya upasuaji mkiitafuta saratani, kwani wakati huo iko kileleni kwa sababu ya kisu chenu wenyewe. Albumini iandikwe kwenye faili pamoja na tarehe, na mgonjwa akifariki au akija kliniki akiwa hai, hilo nalo liandikwe, maana mipaka yetu wenyewe ya protini hizi itatoka kwenye mafaili hayo. Na mgonjwa anayefuatiliwa asihamishwe maabara ovyo: vipimo vya CEA vya watengenezaji tofauti havitoi namba zinazolingana, na kupanda kutoka 4 hadi 6 kunaweza kuwa ni kubadilisha mashine tu. Akilazimika kuhama, apimwe kotekote mara moja, namba zote mbili ziandikwe, na hesabu ianze upya kutoka kwenye ile ya pili.